Kutoka mezani hadi usimamizi: yanayompandisha supavaiza wa pakihausi Naivasha, na yanayomkwamisha

Katika mashamba ya maua yanayolizunguka Ziwa Naivasha, supavaiza wengi hutolewa mezani, kwenye meza za kugredi, yaani kupanga maua kwa daraja na kuyafunga. Meneja anatazama nani anagredi haraka, nani hakosi kazini, nani maua yake hayarudishwi na watu wa ubora, na nafasi ikitokea anamwita huyo. Ni njia nzuri, kwa sababu kila mfanyakazi anaona kwamba bidii inalipa. Shida yake ni moja, na sisi tuliosimamia mistari ya pakihausi, jengo la kugredi na kufunga maua, tumeiona mwaka baada ya mwaka: kazi iliyompandisha mtu siyo kazi atakayopimwa nayo kuanzia kesho yake. Jana alihesabiwa stemu, yaani mashina ya maua, zilizopita mikononi mwake. Leo anahesabiwa stemu zilizopita mikononi mwa watu 12. Asiyeielewa tofauti hiyo katika miezi mitatu ya mwanzo hubaki supavaiza wa jina, na wengine hurudishwa mezani.

Kosa linaloonekana mapema ni kuendelea kugredi. Mstari ukizidiwa, supavaiza mpya anasogea mezani na kuanza kufunga bunchi, kwa sababu hapo ndipo mikono yake inajiamini. Watu wanampenda kwa hilo. Lakini wakati ameinama kwa dakika 40, ndoo kutoka shambani zinapanga foleni mlangoni bila maji ya kutosha, mtu wa mwisho wa mstari amekaa bila maua, na wa kubandika lebo anaweka ya sentimita 50 kwenye bunchi za 60. Kila kimoja cha hivyo kinagharimu kuliko bunchi alizozifunga yeye. Kanuni tunayompa supavaiza mpya: mezani usizidishe dakika 10 kwa saa, na hizo ziwe za kumwonyesha mtu namna ya kufanya. Pengo huzibwa kwa kuhamisha mtu, na huwezi kujua umhamishe nani kama huuoni mstari wote.

Muda uliobaki ni wa kutembea. Anzia mwisho wa mstari, kwenye chumba baridi, urudi nyuma hadi mlango wa kupokelea ndoo, kwa sababu kasoro huonekana mwishoni lakini chanzo chake kiko nyuma. Kwenye chumba baridi angalia kipimajoto kwa macho yako mwenyewe. Waridi huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 4, na mlango ukiachwa wazi wakati wa kupakia, joto linapanda upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye meza za kufungia, chukua bunchi mbili bila kuchagua, zihesabu, zipime urefu, tazama kama vichwa vimekaa sawa. Kwenye ndoo angalia maji: kiasi gani, na yana rangi gani. Maji yenye utelezi yana bakteria, na bakteria ndio huziba mishipa ya stemu, ua likafika Uholanzi likiwa limeinamisha shingo.

Kituo kinachosema mengi kuliko vyote ni pipa la maua yaliyokataliwa. Supavaiza wengi hulipita kama taka tu. Simama hapo dakika tatu, toa stemu 20, zitenganishe kwa sababu. Vichwa vilivyovunjika vinakuambia ndoo zilijazwa kupita kiasi shambani au trela limekimbizwa kwenye barabara mbovu. Shingo zilizolegea zinakuambia maua yalikatwa mapema mno au yalikaa muda mrefu bila maji. Majani yenye unga mweupe ni ukungu wa shambani, na hilo halitatuliwi pakihausi hata ukigombeza watu siku nzima. Madoa ya kahawia kwenye petali mara nyingi ni ukungu wa kijivu. Huu huendelea hata ndani ya baridi, kwa hiyo bunchi moja iliyopita inaweza kuharibu boksi zima. Na miguu ya stemu iliyopondeka inamaanisha makasi ni butu. Ukiwa na stemu hizo mkononi, nenda kwa supavaiza wa mavuno na umwonyeshe. Mambo ya pakihausi na shamba mara nyingi huwa ugomvi kwa sababu kila upande unaongea kwa redio na hakuna aliyebeba ua. Stemu tano zilizopondeka zikiwekwa mezani kwake, mazungumzo yanahusu makasi, hayamhusu yeye.

Sasa hesabu. Hapa ndipo meneja anaanza kukutofautisha na wenzako. Chukua mfano huu, tarakimu zake ni za kuonyeshea tu: mstari una watu 12, tageti ni stemu 250 kwa mtu kwa saa. Hiyo ni 3,000 kwa saa, na kwa saa 8 ni 24,000. Asubuhi mmoja amelazwa na mwingine ameazimwa na mstari wa jirani. Umebaki na 10, yaani 2,500 kwa saa na 20,000 kwa siku. Tayari una upungufu wa 4,000, na bado ni saa mbili asubuhi. Supavaiza anayejua hesabu hii anamfuata meneja wakati huo huo na kumwambia: leo tutapungukiwa na 4,000, nikirudishiwa yule mmoja zitabaki 2,000, hizo zinaweza kusubiri ndoo za kesho au tukae saa moja ya ovataimu. Asiyejua huendelea hadi saa kumi jioni, kisha anasema watu walikuwa wachache. Upungufu ni ule ule. Wa kwanza alimpa meneja nafasi ya kuamua, na wa pili alimpa habari ya kupeleka juu akiwa hana la kufanya.

Kwa hiyo weka ubao mwishoni mwa mstari na uandike kila saa: zilizotakiwa, zilizotoka, sababu. Safu ya sababu ndiyo yenye faida. Ukiandika "maji yalikatika dakika 25", "lebo ziliisha", "ndoo zilichelewa", baada ya wiki nne utaona sababu mbili au tatu zinazojirudia, na hizo ndizo utakazopeleka kwenye kikao. Ubao ukiandikwa jioni kwa kukumbuka, haufai kitu. Watu hujua, na wakishajua kwamba tarakimu zinapikwa wanaacha kuziamini hata zilizo sahihi.

Maagizo nayo yana ufundi wake. Mkutano wa asubuhi usizidi dakika tano, watu wakiwa wamesimama. Sema wangapi wapo, oda ya leo ni ya urefu gani na bunchi ya stemu ngapi, kasoro moja tu ya jana, na hatari moja ya leo. Kisha badala ya kuuliza "mmeelewa?", swali ambalo jibu lake ni ndiyo kila siku, mwombe mtu mmoja arudie oda. Akikosea, wewe ndiye hukueleza vizuri. Eleza tena bila kumcheka. Ongea Kiswahili. Kama mstari una Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakikuyu na Waturkana, ukigeukia lugha ya kwenu kwa sentensi mbili tu, hata kama ni utani, waliobaki wataanza kuhesabu nani anapewa nini. Hilo tunalisisitiza sana kwa sababu Naivasha ilipata jeraha kubwa Januari 2008, kwenye ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, na bado wapo kazini watu walioziona kwa macho yao.

Kumfundisha mtu mpya, hasa wale wanaoingia Januari kwa ajili ya msimu wa tarehe 14 Februari, kunafuata hatua nne ambazo viwanda vya Marekani vilizieneza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipolazimika kufundisha mamilioni ya watu wasiojua kazi. Kwanza mtulize na umuulize anachokijua. Pili mwonyeshe, polepole, ukitaja hatua moja moja na sababu yake. Tatu afanye yeye huku akikueleza anachofanya. Nne umwache, lakini umwambie atamuuliza nani, na wewe urudi kumtazama. Hatua inayorukwa ni ya tatu. Supavaiza anaonyesha mara moja, haraka, kwa mikono ya mtu wa miaka mingi, kisha anaondoka. Mgeni anabaki akiiga jirani, na kama jirani ana kasoro, sasa kasoro iko kwa wawili. Sababu nayo usiiache. Mtu aliyeambiwa tu "usiweke ndoo chini ya jua" ataiweka ukigeuka. Aliyeelezwa kwamba ua lililokatwa bado linapumua, na kadiri linavyopata joto ndivyo linavyomaliza chakula chake na siku zake kwenye chombo cha mnunuzi, ataihamisha hata kama haupo.

Usalama hauna mjadala mrefu. Grinihausi ikishapigwa dawa haiingiwi hadi muda ulioandikwa kwenye lebo uishe na alama ya katazo iondolewe na mwenye mamlaka ya kuiondoa. Shinikizo la kuingia mapema hutoka kwa supavaiza mwenyewe, anapoona oda inachelewa. Ukikubali mara moja, watu wako watajua afya yao ina bei gani kwako, na hakuna hotuba itakayowarudisha.

Linalowatesa supavaiza wapya kuliko hesabu na dawa ni watu waliokuwa wenzao. Jana mlikula pamoja, mko chama kimoja cha akiba mtaani Karagita, mmekopeshana nauli. Leo unampangia mtu huyo zamu. Hakuna haja ya kujitenga wala kubadilisha sauti. Wanaobadilika ghafla huchukiwa na wanaendelea kuchukiwa hata wakirudi walivyokuwa. Mambo matatu ndiyo ya kubadilisha wiki ya kwanza. La kwanza, lipa kila deni ulilonalo kwa mtu wa mstari wako, na usikope tena kwao wala usiwakopeshe. La pili, kama unashika hela za chama ambacho wanachama wake ni watu unaowasimamia, kabidhi daftari kwa mwingine mbele ya mashahidi. La tatu, kaa na kila mmoja peke yake dakika 10 umuulize: kitu gani kinakuchelewesha kazini, na kitu gani ungependa nisikifanye? Usijitetee. Andika. Jambo moja dogo kati ya waliyotaja, kama kiti, glavu za saizi yake au taa iliyokufa juu ya meza, lirekebishe kabla ya wiki kuisha.

Kisha gawanya kwa haki vile vinavyogawanywa. Ovataimu ndiyo chanzo kikubwa cha manung'uniko pakihausi, kwa sababu kwa wengi ndiyo karo ya shule. Usiipange kichwani. Bandika karatasi ukutani yenye majina yote kwa mpangilio, weka alama kila mtu anapochukua au kukataa zamu yake, na anayefuata awe anayefuata. Anayekataa aende mwisho wa orodha, asiadhibiwe. Likizo nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12. Wengi watazitaka Desemba ili waende nyumbani Siaya, Busia, Vihiga au Nyamira, na huo ndio wakati shamba linajiandaa kwa Februari. Supavaiza anayekusanya maombi Septemba na kuonyesha waliokwenda Desemba iliyopita hapati ugomvi mkubwa. Anayesubiri Novemba huwa amewapa wawili au watatu waliomwahi, na hao kwa kawaida ni rafiki zake.

Na misiba. Watu wa magharibi huzika sana Ijumaa na Jumamosi, safari ni ya usiku kucha, na mtu hawezi kumzika mama mkwe kwa siku moja. Sheria ya Ajira haina likizo maalumu ya msiba. Makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, CBA, ndiyo mara nyingi huitaja, kwa hiyo soma ya shamba lako ujue inahesabu ndugu gani na siku ngapi. Kwa yale isiyoyataja, amua mapema na uwaambie watu wote: siku zitatoka kwenye likizo ya mwaka, au mtu atabadilishana zamu na mwenzake, na wote wawili watasaini. Usimuulize mfiwa maswali ya polisi. Mpigie simu akiwa huko, umpe pole. Watu hawasahau nani aliwapigia.

Kuna jambo ambalo linasemwa kwa minong'ono na linastahili kusemwa wazi. Supavaiza ana uwezo wa kumpa mtu zamu nyepesi, ovataimu au jina kwenye orodha ya wanaoongezewa mkataba, na wapo wanaoutumia uwezo huo kudai mapenzi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinauita unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa kuuhusu. Kama wewe ni supavaiza, usimwite mtu wa jinsia nyingine peke yake stoo au nyuma ya chumba baridi. Mazungumzo ya faragha yafanyike mahali panapoonekana ingawa hapasikiki. Akija mtu kukuambia kwamba supavaiza mwenzako anamsumbua, usimpatanishe naye. Andika tarehe na maneno yake, na umpeleke siku hiyo hiyo kwa kamati ya jinsia au ofisi ya wafanyakazi. Anayezika jambo la namna hii ili kulinda urafiki hafai kupewa watu wengi zaidi.

Nidhamu ndiyo mahali supavaiza wanapolitia shamba hasara bila kujua. Hasira zikipanda, mtu husema: "Toka, usirudi kesho." Maneno hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa ni kufutwa kazi, na kufutwa bila utaratibu. Kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ajira kinataka kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au kutojiweza kimwili, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na utetezi wake usikilizwe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Nakuru na Kisumu, na fidia kwa aliyeachishwa isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Kesi nyingi za namna hii huharibika kwa makaratasi. Mtu alichelewa mara nane, lakini hakuna hata mara moja iliyoandikwa, au zote zimeandikwa siku moja kwa kalamu moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Mara ya kwanza, ongea naye pembeni siku hiyo hiyo: taja ulichokiona, muulize sababu, mkubaliane kitakachobadilika na lini mtaangalia tena. Andika mistari mitatu kwenye daftari lako, tarehe na saa zikiwemo. Likijirudia, mpe onyo la mdomo mbele ya mwakilishi, na lenyewe uliandike. Likiendelea, peleka kumbukumbu zako ofisi ya wafanyakazi. Wao ndio wanaotoa barua ya kujieleza na kuitisha kikao. Kazi yako hapo ni kuleta ukweli wenye tarehe. Andika ulichokiona, si unachokifikiria: "aliingia saa mbili na dakika 20, zamu inaanza saa moja na nusu" kinasimama popote; "ni mvivu" hakisimami. Na muulize sababu kwa dhati. Mara nyingi anayechelewa Jumatatu zote ana mtoto ambaye kituo cha kulea hufungua saa mbili, na kumbadilishia zamu kunamaliza kilichokuwa kinaelekea kwenye barua.

Sasa kupanda zaidi ya hapo. Meneja hapandishi mtu asiyejulikana anafanya nini. Kila Ijumaa mpe nusu ukurasa, si zaidi: tageti na zilizotoka, sababu mbili kubwa za upungufu, ulichofanya, unachohitaji. Unachohitaji kiambatane na hesabu. Badala ya "makasi ni butu", andika kwamba kati ya stemu 20 ulizotoa pipani kila siku kwa siku tano, kwa wastani 6 zilikuwa zimepondeka miguu, na makasi 8 yakinolewa kila Jumatatu unategemea kuziokoa. Ikikubaliwa, mwezi ujao rudi na tarakimu mpya, hata kama matokeo ni madogo kuliko ulivyotarajia. Kurudi na matokeo madogo kunajenga imani kuliko kunyamaza.

Kamati ya usalama ni mlango ambao wengi hawauoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ndani yake anakaa mfanyakazi pamoja na wakuu. Hapo unajifunza kuandika kumbukumbu, kukagua, na kumpinga mkubwa kwa hoja bila kumvunjia heshima. Masomo nayo yapangwe kwa kazi unayoitaka. Anayelenga uzalishaji ana Chuo cha Kilimo cha Bukura upande wa Kakamega na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Fundi wa umwagiliaji au umeme afanye mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya III hadi ya I, na NITA ina kituo Kisumu. Kwa supavaiza yeyote, kujua Excel kiasi cha kujumlisha, kupanga na kuchora jedwali kunamtoa kwenye kundi haraka kuliko cheti cha uongozi cha siku mbili hotelini.

Cheo kikija, tazama pesa kabla ya kusaini. Katika mashamba kadhaa supavaiza hutoka kwenye gredi za mishahara za chama cha wafanyakazi na ovataimu yake inakoma. Mfano: mtu wa mezani anapata 17,000 na ovataimu ya 4,500, jumla 21,500. Anapewa usupavaiza wa 20,500 bila ovataimu. SHIF, bima ya afya ya serikali, inakata asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5 kwa wote wawili, kwa hiyo mpya anakwenda nyumbani na kidogo kuliko jana, huku saa zake zikiwa nyingi zaidi. Bado inaweza kuwa hatua ya maana, lakini uingie ukijua, na uombe mshahara uangaliwe tena baada ya miezi sita kwa tarakimu mtakazokubaliana. Ukiambiwa "kaimu kwanza", omba barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na posho ya ukaimu. Watu hukaimu miaka miwili kwa neno la mdomo, kisha meneja anahama na mrithi wake hana habari. Masharti ya kazi yakibadilika, sheria inataka mwajiri ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi, kwa hiyo kudai barua siyo jeuri.

La mwisho ni naibu. Supavaiza wengi wazuri hukwama kwa sababu mstari hauendi bila wao, na meneja anaogopa kuwagusa. Chagua mtu mapema, ikiwezekana yule anayesaidia wenzake bila kuambiwa, ambaye huenda siye mwenye kasi kubwa. Mwezi wa kwanza aandike ubao. Wa pili aongoze mkutano wa asubuhi mara mbili kwa wiki, wewe ukiwa nyuma. Wa tatu apange ovataimu kwa karatasi ile ya ukutani. Kisha chukua likizo yako ya wiki mbili, mwombe meneja aongee naye moja kwa moja, na usipigepige simu. Ukirudi, soma ubao pamoja naye saa kwa saa: wapi alikwama, aliamua nini, angehitaji kujua nini kabla. Nafasi ya msaidizi wa meneja wa pakihausi ikitangazwa, moja ya maswali ya usaili itakuwa nani atashika mstari wako. Mtaje jina, weka mezani nakala za ubao wa wiki hizo mbili, na ueleze siku ngumu kuliko zote aliyoipitia na jinsi alivyoitoka.